Kiharakishi chako kinasubiri mkokoteni

Mwezi huu nimepata barua pepe tatu zenye swali moja, kutoka kwa watu wasiojuana. Mmoja ni mwanafunzi Mombasa, mwingine ana biashara ndogo ya droni Nairobi, wa tatu anashughulika na mambo ya mafuriko kule Garsen. Wote wanataka kununua kiharakishi cha picha, yaani ile chipu ya pembeni inayobebeshwa kazi ya kuchakata picha ili prosesa kuu ipumue. Na wote watatu wameniwekea orodha ya bei, na kwenye kila bodi wamepigia mstari namba moja: operesheni trilioni ngapi kwa sekunde.

Namba hiyo ndiyo ningeiangalia mwisho. Nitaeleza kwa nini, na nitatumia mfano wa huyu wa Garsen kwa sababu kwake jambo lenyewe si mchezo.

Kwa wasiopafahamu: Garsen iko Kaunti ya Tana River, pale barabara ya Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile inayoshuka kutoka Garissa na Hola. Chini yake Mto Tana unatawanyika kuwa delta, unapita karibu na vijiji kama Ngao, Golbanti na Ozi, kisha unamwaga maji baharini Kipini. Mvua ikizidi kule juu milimani na mabwawa ya Seven Forks yakijaa, maji huteremka hadi huku chini, mara nyingine mvua yenyewe ikiwa haijanyesha hapa. Ilitokea wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ikatokea 2018, ikatokea Novemba 2023, na ikarudi Aprili na Mei 2024. Aprili hiyo ya 2024, upande wa Madogo ambako barabara ya kwenda Garissa ilikuwa imekatwa na maji, mashua ya kuvusha watu ilipinduka na abiria wakafa. Kujua leo maji yamefika wapi, si wiki ijayo, kuna maana kwa mtu mwenye ng'ombe, mwenye shamba la mpunga, na mwenye kuendesha mashua.

Sasa picha. Wakati wa mafuriko kuna mawingu, kwa hiyo picha za kawaida za satelaiti hazisaidii sana. Inayosaidia ni rada. Satelaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya, ya kwanza ilirushwa 2014, inaona kupitia mawingu na usiku pia, na picha zake ni za bure kwa yeyote. Maji matulivu huurudisha mwangwi wa rada upande mwingine kama kioo, kwa hiyo kwenye picha yanaonekana meusi. (Chini ya miti hali ni kinyume: mwangwi unagonga maji, unagonga shina, unarudi kwa nguvu, na msitu uliofurika unang'aa. Ukingoni mwa Tana kuna misitu ya namna hiyo, kwa hiyo usiamini weusi peke yake.)

Picha moja ya rada ya aina ya kawaida ina pikseli takriban 25,000 kwa upana na 17,000 kwa urefu. Hizo ni pikseli milioni 425. Kila pikseli ni baiti mbili, jumla megabaiti 850. Ili kupata ramani ya maji unafanya mambo matano: unasahihisha vipimo, unachuja yale madoadoa ya rada kwa kuchukua wastani wa mraba wa pikseli saba kwa saba, unageuza kuwa desibeli, unatoa picha ya kiangazi, halafu unaamua: hapa maji, hapa nchi kavu. Naacha kando hatua ya kuipachika picha kwenye ramani, ambayo ina vituko vyake.

Angalia hesabu zilizomo humo. Kujumlisha, kugawanya, kutoa, kulinganisha. Ukiondoa kuchuja na desibeli, ni operesheni mbili tatu kwa kila pikseli. Mtoto wa darasa la nne angeziweza kama angekuwa na subira ya kutosha. Hakuna mahali hapo ambapo trilioni zinahitajika.

Kinachohitajika ni kuzileta hizo pikseli.

Mfikirie fundi anayejenga nyumba Garsen. Maji ya kuchanganyia saruji yako mtoni, na kuna mkokoteni mmoja wa punda. Fundi ni hodari, anamaliza ndoo moja ya maji kwa dakika. Mkokoteni unachukua nusu saa kwenda na kurudi, na huyu tajiri wetu ameagiza uletwe na ndoo moja kila safari. Nyumba inachelewa. Tajiri anakasirika, anaajiri mafundi tisa zaidi. Sasa ana mafundi kumi wamekaa kivulini wakimsubiri punda. Muuzaji wa viharakishi anakuuzia mafundi. Njia ya mtoni haimo kwenye tangazo lake, au imeandikwa kwa herufi ndogo kule chini.

Sisemi haya kwa chuki ya wauzaji. Waliotengeneza chipu zenyewe wamesema. Google walipochapisha mwaka 2017 maelezo ya kiharakishi chao cha kwanza cha mitandao ya neva, TPU, chipu hiyo ilikuwa na uwezo wa operesheni trilioni 92 kwa sekunde, lakini njia yake ya kumbukumbu ilipitisha gigabaiti 34 tu kwa sekunde. Kati ya programu sita walizoipima nazo, nne zilikuwa zimebanwa na kumbukumbu. Hao ni Google, wenye wahandisi wa kumwaga. Chukua Jetson Nano ya NVIDIA iliyotoka 2019, bodi ambayo wengi wetu tumeishika: inatajwa kuwa na operesheni bilioni 472 kwa sekunde na njia ya gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Gawanya. Ili mafundi wake wasikae bure, kila baiti inayoingia lazima ifanyiwe operesheni 18 hivi. Kazi yetu ya kutoa picha ya kiangazi inafanya operesheni moja kwa baiti nne. Nyingi ya trilioni zako ziko kivulini.

Na kuna suala la umeme, ambalo kwa mtu anayetegemea sola na betri ndilo suala lenyewe. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa makadirio yanayonukuliwa mpaka leo, ya chipu za nanomita 45: kuzidisha namba mbili za desimali za biti 32 kunatumia pikojuli 3.7, kusoma namba moja ya biti 32 kutoka kumbukumbu ya nje kunatumia pikojuli 640. Kuileta namba kunagharimu zaidi ya mara 170 kuliko kuizidisha. Chipu za sasa ni ndogo zaidi na namba zimebadilika, lakini pengo halijazibika. Betri yako inaliwa na punda, si na fundi.

Haya, tuingie jikoni. Nitachukua bodi ya bei ya wanafunzi, PYNQ-Z2, yenye chipu ya Zynq-7020. Ni FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe. Ina kumbukumbu ya nje ya megabaiti 512, na kadi ndogo ya SD ambayo kwenye bodi ya aina hii hupitisha kama megabaiti 25 kwa sekunde siku ikiwa njema.

Wengi huandika zile hatua tano kama programu tano zinazofuatana. Ya kwanza inasoma picha nzima, inaandika picha nzima. Ya pili vivyo hivyo. Na kwa sababu tunapenda desimali, matokeo ya kati yanawekwa kwa baiti nne kila pikseli badala ya mbili, kwa hiyo kila picha ya kati ni gigabaiti 1.7. Nimejumlisha kusoma na kuandika kote: zaidi ya gigabaiti 16. Kumbukumbu ya megabaiti 512 haiwezi kushika hata picha moja ya kati, kwa hiyo zote zinarudi kwenye kadi. Gigabaiti 16.5 kwa megabaiti 25 kila sekunde ni dakika 11. Picha moja.

Sasa unganisha hatua. Pikseli ikiingia ndani ya chipu, isitoke mpaka hatua zote tano zimekwisha. Kinachosomwa ni picha ya leo, megabaiti 850, na ya kiangazi, megabaiti 850 nyingine ukiiweka kwa baiti mbili. Kinachoandikwa ni biti moja kwa pikseli, maji au kavu, megabaiti 53. Jumla gigabaiti 1.75. Sekunde 70. Hatujaongeza fundi hata mmoja, na idadi ya hesabu zilizofanyika ni ile ile.

Utauliza, na kile kichujio cha saba kwa saba? Kila jibu lake linahitaji majirani 49. Hapo ndipo watu wanapoangukia. Ukiandika kichujio kwa uvivu, kila pikseli inaletwa kutoka nje mara 49, na megabaiti 850 zinageuka gigabaiti 41. Hata kama kadi ingekuwa ya miujiza, njia ya kumbukumbu ya nje ya bodi hii ni gigabaiti 2.1 kwa sekunde kwenye karatasi, kwa hiyo ni sekunde 20 za kubeba vitu ambavyo umeshavibeba. Dawa yake ni ya zamani na nzuri. Weka mistari sita ya picha ndani ya chipu. Kila pikseli mpya inapoingia, majirani zake wa juu tayari wako ndani wanaisubiri. Mistari sita ya pikseli 25,000 kwa baiti mbili ni kilobaiti 300. Zynq-7020 ina kilobaiti 630 hivi za kumbukumbu ya ndani. Inaingia, na nafasi inabaki. Kila pikseli inaletwa mara moja tu, na saketi ikienda kwa mwendo wa megahezi 100, pikseli moja kila mpigo, picha nzima inapita kwa sekunde nne na robo. Nasema kwa unyenyekevu wote: hiyo ndiyo saketi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na haina ujanja wowote ndani yake.

Utaona pia kwamba sekunde nne za saketi ziko ndani ya sekunde 70 za kadi. Fundi bado anamsubiri punda, ila sasa angalau punda anakuja na mzigo kamili.

Tunaweza kumpunguzia punda zaidi. Picha ya rada inafunika eneo la kilomita 250 kwa 170 hivi. Mtu wa Garsen anataka delta. Delta ya Tana iliorodheshwa kuwa ardhioevu ya Ramsar mwaka 2012, hekta 163,600. Pikseli moja ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo delta yote ni pikseli milioni 16 na kidogo. Megabaiti 33. Asilimia nne ya picha! Zilizobaki ni bahari, nyika, na sehemu za kaunti za wenyewe. Ukichukua megabaiti 33 za leo na 33 za kiangazi, kadi inamaliza kwa sekunde tatu.

Lakini kukata kipande kunategemea picha ilivyopangwa kwenye faili. Ikiwa imepangwa mstari kwa mstari, kipande chako kimetawanyika kwenye maelfu ya mistari na lazima urukeruke. Ikiwa imepangwa kwa vigae, tuseme 512 kwa 512, unachukua vigae vyako unaondoka. Ndiyo maana mafaili mengi ya satelaiti siku hizi huwekwa mtandaoni kwa vigae, ili mtu avute vigae anavyotaka bila kuvuta faili zima. Kwa mtu anayenunua bando kwa mfuko wake, hilo si jambo dogo.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi ndani ya kumbukumbu. Kumbukumbu ya nje haikupi baiti moja moja. Inafungua safu nzima kisha inakumiminia baiti zilizofuatana, na prosesa ya kawaida huchukua baiti 64 kwa mkupuo. Ukitembea kwenye picha yetu kwa safu wima, kutoka juu kwenda chini, kila hatua unaruka baiti 50,000. Umeletewa 64, umetumia mbili, unatupa 62. Nimeona programu ambayo mizunguko miwili ya ndani na nje ilipobadilishana nafasi, mistari miwili ya programu tu, ikaenda kasi mara kadhaa. Mwenyewe alikuwa ameshaomba bei ya bodi kubwa zaidi.

Jambo jingine ni kutomfanya fundi asubiri wakati mkokoteni uko njiani. Tenga nafasi mbili. Kiharakishi kinafanyia kazi kipande kilicho kwenye nafasi ya kwanza, na wakati huo huo kile chombo cha kuhamisha data, DMA, kinajaza ya pili. Wakimaliza wanabadilishana. Muda wa jumla unakuwa ule wa aliye mpole zaidi kati ya hao wawili, badala ya jumla ya muda wa wote. Na kwenye bodi ambazo prosesa na kiharakishi vinatumia kumbukumbu moja, kama hiyo Jetson na simu nyingi, usinakili picha kutoka kumbukumbu kwenda kumbukumbu ile ile. Ni tabia tuliyorithi kutoka kadi za grafiki za kompyuta za mezani, ambazo zina kumbukumbu yao wenyewe. Kwa huyu ndugu wa droni: picha moja ya megapikseli 20 ikishafunguliwa ni megabaiti 60, picha 500 za asubuhi moja ni gigabaiti 30. Ukizinakili mara tatu bila sababu, umebeba gigabaiti 90 za hewa, na pia umezilipia kwa betri.

Najua kuna watakaosema, kwa nini tuhangaike na bodi, kazi hii si inafanyika mawinguni? Ni kweli. Tangu 2021 mradi wa Copernicus unatoa ramani za mafuriko za dunia nzima kutoka Sentinel-1 bila mtu kubonyeza kitu. Zitumieni. Lakini satelaiti ya pili ya jozi hiyo, Sentinel-1B, iliharibika Desemba 2021, na mbadala wake, Sentinel-1C, ulirushwa Desemba 2024. Mafuriko ya 2023 na ya 2024 yote mawili yalitukuta na satelaiti moja, ambayo hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Mto haungoji siku 12. Siku za katikati unabaki na droni, na picha za droni haziendi mawinguni kwa mtandao wa Garsen siku ya mafuriko. Zinachakatwa pale pale au hazichakatwi.

Pia ni kweli kwamba ukitumia mitandao ya neva mikubwa, ile yenye tabaka nyingi, kila baiti inafanyiwa hesabu nyingi na zile trilioni zinaanza kula matunda ya bei yake. Hapo namba ya muuzaji ina maana. Lakini hata huko wajanja wanapunguza safari kwanza. Satelaiti ndogo ya Ulaya ya Φ-sat-1, iliyorushwa Septemba 2020, ilibeba chipu ya Myriad 2 ya Intel kwa kazi moja: kutazama picha kule kule angani na kuzitupa zenye mawingu zisishushwe duniani. Hapa kwetu Ngomeni, ng'ambo ya ghuba kutoka Kipini, satelaiti ya Uhuru ilirushwa 1970. Mwaka 2023 Kenya ikarusha Taifa-1 yenye kamera yake, ingawa hiyo iliondokea Marekani. Zitakuja nyingine. Natamani aliyepo kwenye meza ya kuzibuni aulize mapema ni baiti ngapi zitashuka bila kuhitajika.

Kinachoniudhi, na niseme tu, ni kwamba miaka minne ya shahada ya sayansi ya kompyuta tulihesabu hatua za hesabu mpaka tukaota usiku. Hakuna mtihani ulioniuliza data imesafiri mara ngapi. Halafu tunahitimu, tunaajiriwa, tunaandika orodha ya mahitaji ya zabuni, tunaweka ile namba tuliyoizoea. Niliwahi kusoma zabuni ya ofisi moja ya umma, siitaji, iliyodai operesheni trilioni kadhaa kwa mashine ya kuchakata picha, na haikutaja popote upana wa njia ya kumbukumbu, wala ukubwa wa kumbukumbu ya ndani ya chipu, wala mwendo wa diski. Hizo tatu ndizo ningetaka kwanza, kwa mpangilio huu: diski, njia, kumbukumbu ya ndani.

Kwa huyu wa Garsen basi, kabla ya kununua chochote: tengeneza picha yako ya kiangazi. Chagua tarehe za ukame za Januari na Februari, picha kadhaa za njia ile ile ya satelaiti, chukua wastani, kata delta peke yake, iweke kwa baiti mbili na kwa vigae. Ni faili la megabaiti 33. Linakaa kwenye simu.